Mwongozo wa Kuvua Miwani Katika Nchi ya Chai

Anayevaa miwani Kericho ana maadui wawili, na wote wawili wanaheshimiwa na jamii: mvua na chai. Mvua hufika karibu kila alasiri, mara nyingine na mawe yake, na vioo vikishalowa utajikuta unaiamkia nguzo ya stima ukidhani ni baba mkwe. Ukikimbilia hotelini upate kikombe, mvuke unapanda, vioo vinaingia ukungu, na unaanza kuusaka mkono wa kikombe kwa kupapasa huku meza nzima ikikutazama. Ndiyo maana kila mwaka, bonasi ya chai kutoka KTDA ikishaingia mwezi wa Oktoba, hakosi mtu wa kuapa kwamba miwani basi. Desemba kuna koito, yaani sherehe ya uchumba, ya binamu yake, picha zitapigwa, naye hataki kutokea pichani akiwa na mwako wa flashi mahali pa macho. Anataka lenzi, zile za kuvaliwa juu ya jicho lenyewe.

Mwongozo huu ni wake. Unatumika kote kwenye majani ya chai, kuanzia Kericho mjini, ukapita Litein na Kapkatet, ukashuka Sotik hadi Silibwet na Bomet. Watu wa Nairobi wana kliniki ghorofa moja na duka la viatu. Hawahitaji msaada wetu.

Njia ya mkato ipo, na si haki kukuficha. Kwenye vibanda vya vipodozi, na siku hizi kwenye simu, zinauzwa lenzi za rangi: kijivu, kijani, rangi ya asali, buluu ya Mzungu. Muuzaji hatakusumbua kwa taa wala mashine. Atakuuliza swali moja tu la kitabibu, yaani kijivu au kijani, kisha apokee pesa kwa M-Pesa na kukupunguzia bei ya wigi. Ni huduma ya haraka sana. Hasara yake ni ndogo, mradi una jicho la akiba.

Maana konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hauna mishipa ya damu. Hewa yake unaipata moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Ukiufunika kwa kipande cha plastiki kisicholingana nao kwa upana wala kwa mviringo, unaunyima pumzi, unauchubua, na kwenye mchubuko huo vijidudu vinaingia bila kupiga hodi. Kidonda cha konea kikipona huacha kovu, na kovu likikaa katikati, hakuna miwani itakayolipita. Ndiyo sababu Marekani, tangu mwaka 2005, sheria inaihesabu kila lenzi ya machoni kuwa kifaa cha tiba, hata ile ya urembo isiyosahihisha chochote, na haiuzwi kihalali bila cheti cha mpimaji. Huko macho ya kijani yanahitaji karatasi. Huku yanapatikana karibu na rangi za kucha.

Ukiamua kufuata njia ndefu, usimwambie mtu. Kama umeshasema, jiandae kwa kikao. Kogo, yaani bibi yako, atataka kujua: kitu hicho kikipotelea nyuma ya jicho, kitatokea wapi? Atakuwa amesikia habari za mtu fulani, wa mbali kidogo, ambaye chake kilifika kwenye ubongo. Mjibu kwa adabu. Mweleze kwamba utando laini unaofunika weupe wa jicho hupinda ukarudi ndani ya kope, kwa hiyo nyuma kumefungwa. Lenzi inaweza kujikunja chini ya kope la juu ikakutesa mchana kutwa, lakini haina njia ya kusafiri. Hataamini, ila atapenda kwamba umemweleza. Mjomba naye atakushauri dawa bora kuliko lenzi zote, maziwa ya mama anayenyonyesha. Shangazi atapendekeza maji ya majani ya chai yaliyopoa, kwa kuwa kwetu hakuna ugonjwa usiojaribiwa kwa chai. Washukuru wote wawili. Usitie chochote.

Sasa nauli. Utapanda Probox, gari ambalo Wajapani walilipima kwa watu watano na sisi tukalipima upya. Swali ni unakwenda wapi. Kericho mjini yapo maduka ya miwani. Bomet kuna Tenwek, hospitali ya misheni iliyoanza mwaka 1937, na kitengo chake cha macho kinajulikana mbali. Kuna hospitali ya rufaa ya kaunti Kericho na nyingine Longisa. Ila usichanganye watu. Daktari bingwa wa macho hupasua mtoto wa jicho. Ofisa wa kliniki wa macho hutibu maradhi ya kila siku, na huko vijijini ndiye utakayemkuta. Mpima macho, yaani optometrista, kasomea kupima nguvu ya jicho na kulitafutia lenzi inayolikaa. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kule Kakamega kinawafundisha hadi digrii. Muuza fremu ni muuza fremu, hata akivaa koti jeupe.

Kabla hujapanda gari piga simu uulize mambo matatu. Wana mashine ya kupima mviringo wa konea? Wana ile darubini yenye mwanga mwembamba ya kuchungulia jicho? Wana lenzi za kujaribia? Ukijibiwa “njoo tu, tutaona,” baki nyumbani uchume majani. Si kila penye miwani pana lenzi, na huenda ukaelekezwa Nakuru, Kisumu au Eldoret. Kubali. Bonasi ililetwa kwa ajili ya safari.

Chumba cha kupimia kina herufi ukutani zinazopungua ukubwa mstari hadi mstari, mtindo ulioanzishwa na Mholanzi Herman Snellen mwaka 1862. Ukikaa karibu na mlango utamsikia aliyekutangulia akizisoma kwa sauti, na kwa kichwa kilichopita mtihani wa KCPE kuzikariri ni kazi ya dakika moja. Fanya hivyo ukipenda. Utafaulu kwa alama za juu na kurudi nyumbani bila lenzi, kwa kuwa umethibitisha kwamba huzihitaji.

Halafu daktari atakuvika fremu nzito ya chuma, awe anachomeka vioo na kuchomoa, huku akiuliza: ya kwanza au ya pili, ipi inaonyesha vizuri? Hapa ndipo watu wa kwetu huanguka, na kinachowaangusha ni malezi mema. Tumefundishwa kutomvunja mwenyeji moyo. Mtu ameacha shughuli zake, amenawa mikono, anakubadilishia vioo kwa upole wote huo. Utamwambiaje kwamba cha pili ni kibaya? Kwa hiyo tunasema, zote nzuri daktari. Akirudia swali, tunasema hii ya sasa imezidi, iwe ipi iwayo. Akibadilisha tena, tunamshukuru. Kwa adabu hiyo wamo walioingia wakiwa hawaoni mbali, wakatoka hawaoni mbali wala karibu, na wakamwombea daktari baraka mlangoni.

Acha adabu nje pamoja na mwavuli. Lalamika. Sema ya pili ina giza. Sema herufi zina kivuli pembeni, maana hapo unampa habari kubwa: huenda konea yako haina mviringo sawa pande zote, hali iitwayo astigmatizimu, na lenzi yako itabidi iwe ya aina yake. Na vioo viwili vikilingana kweli, sema vinalingana. Hilo nalo ni jibu, tena mara nyingi ndilo analolitafuta. Sijui mahali pengine katika kaunti hizi mbili ambapo mtu hulipa pesa ili apewe nafasi ya kukosoa, kisha akaiacha ipite.

Atakuuliza pia kazi yako. Usijipandishe cheo. Ukisema wewe ni mfanyabiashara, atakufikiria ofisini penye hewa safi. Akijua kwamba unashika zamu kiwandani kwenye chumba cha kuchambulia chai, penye vumbi la majani makavu linaloelea kutwa, au kwamba unapikia kuni ndani, au kwamba mbolea shambani unaimwaga kwa mikono yako, ushauri unageuka. Pengine atakupa lenzi za kuvaa siku moja na kutupa badala ya zile za mwezi. Pengine atakwambia uvae lenzi Jumapili na kwenye koito, siku nyingine miwani. Mwambie kama una sukari, kama una mimba, kama unameza dawa za mzio. Zaidi ya yote mwambie kama unajisugua macho. Macho yanayowasha msimu hadi msimu na kusuguliwa kwa ngumi tangu utotoni ni jambo tulilolizoea, ila kusugua huko kunahusishwa na keratokonasi, ugonjwa unaoikondesha konea mpaka ikachomoza mbele. Ugonjwa ukikolea, miwani haimsaidii mtu sana. Huyo ndiye mteja halali kuliko wote wa lenzi, hasa zile ngumu zinazopitisha hewa, na kwake hazina habari na picha za Desemba.

Kisha utaweka kidevu mahali utakapoonyeshwa, uegemeze paji la uso, na mwanga mwembamba utalipekua jicho pole pole. Kope la juu litageuzwa kuangaliwa ndani yake. Utaguswa kwa karatasi yenye rangi ya fluoresini, ambayo chini ya taa ya buluu hung'aa kijani na kuufichua kila mchubuko. Baadaye kidogo ukipenga, kamasi itatoka ya njano. Ni rangi ile ile: machozi hushukia puani, siku zote yameshukia huko. Usimpigie mchungaji simu.

Mashine nyingine itausoma mviringo wa konea kwa milimita, na mwishowe cheti chako kitakuwa na namba ambazo cheti cha miwani hakina. Ukiona 8.6, huo ni mviringo wa upande wa lenzi unaolala juu ya jicho, 14.2 ni upana wake. Nguvu nayo inaweza isilingane na ya miwani yako, kwa sababu miwani hukaa kama milimita 12 mbele ya jicho na lenzi imelala juu yake. Miwani ya -5.00 huwa lenzi ya -4.75, na ya -8.00 hushuka hadi -7.25. Anayeagiza lenzi kwa cheti cha miwani, tena cha dada yake, ameokoa nauli. Dunia ataiona kwa kipimo cha dada.

Lenzi ya kujaribia ikija, kumbuka kwamba jicho halijui kuwa umelipia. Litafumba. Daktari atainua kope moja na kulishusha jingine, akuombe utazame mbele, nawe utarudi nyuma pamoja na kiti. Wanaume waliosimama jandoni alfajiri bila kupepesa, sifa ambayo ukoo mzima bado unaisimulia, wameonekana wakiikimbia ncha ya kidole chenye kitu laini kisichozidi ukucha. Ikiingia itakusumbua kidogo kisha itulie. Utakaa kama robo saa, machozi yapungue, ndipo daktari achungulie tena. Anatafuta lenzi isogee kidogo tu kila unapopepesa. Isiposogea imebana, ikitangatanga imelegea, kwa vyovyote anaitoa na kujaribu nyingine. Kujaribu huku ndiko ulikolipia, na yule wa kibanda cha vipodozi hakuuzii.

Ukiona mateso, wafikirie waliotangulia. Lenzi ambazo Adolf Fick aliandika habari zake huko Zurich mwaka 1888 zilikuwa za kioo kizito kilichofunika hadi weupe wa jicho. Alizijaribu kwa sungura kabla ya kujivika mwenyewe, na kuzivumilia ilikuwa shughuli ya saa chache. Hizi laini ni kazi ya mkemia wa Kicheki, Otto Wichterle. Krismasi ya mwaka 1961 alizitengeneza nyumbani kwake kwa mtambo alioufunga kwa vyuma vya kuchezea vya watoto, ukazungushwa na dinamo ya baiskeli, umeme ukapita kwenye transfoma ya kengele ya mlango. Fundi yeyote wa Kapkatet anayeunda pampu kutokana na mabaki ya pikipiki angemvutia kiti wakaongea.

Hutaruhusiwa kuondoka mpaka uzivae na kuzivua mwenyewe. Kuvaa watu hufaulu kwa ushujaa. Kuvua ndiko huwa kesi. Iweke kwanza kwenye ncha ya kidole uitazame kwa ubavu: ukingo ukisimama iko sawa, ukingo ukilalia nje imegeuka. Anza na jicho lile lile kila siku, la sivyo utavaa ya kulia kushoto na kuulaumu umeme hafifu.

Nyumbani ndiko kwenye mtihani. Nawa kwa sabuni, ujifute kwa kitambaa kisichoacha manyoya. Vidole vilivyochuma tangu asubuhi vina utomvu uliovitia weusi, na vilivyotoka kwenye mfuko wa NPK 26:5:5 vitalipelekea jicho mbolea ambayo halikuiagiza. Ukishanawa, lenzi isiguse maji. Hapa wengi hutuona waongo, kwa sababu maji ni fahari yetu: yanashuka kwenye mabati, yanajaa tangini, baridi na matamu. Lakini ndani ya maji ya tangi, hata ya bomba, anaweza kuishi akantamiba, kiumbe cha seli moja asiye na neno na mtu mpaka apandishwe kwenye konea kwa usafiri wa lenzi. Maumivu yake ni makali, matibabu huchukua miezi, na wapo wanaopoteza uwezo wa kuona. Huko Uingereza watafiti walihusisha ugonjwa huo na matangi ya maji yaliyowekwa darini mwa nyumba. Kwa hiyo usizisuuze bombani, usioge nazo, usiogelee nazo, na mvua ikianza jifunike. Naam, mvua ile ile iliyokufanya uikimbie miwani. Mate nayo si dawa. Yana wakazi wengi kuliko tangi.

Dawa ya kuhifadhia lenzi humwagwa kila siku na kutiwa mpya. Kuongezea juu ya ya jana ni desturi ya birika, na iishie jikoni. Kikasha chake badilisha kila miezi mitatu, hata kama hakijapasuka. Usilale nazo, hata ukirudi kutoka zamu ya usiku msimu wa majani mengi, kiwanda kikiwa hakizimwi. Kulala na lenzi huongeza hatari ya maambukizi mara kadhaa. Usizivae ukichochea kuni. Jicho likiwa jekundu, likiuma au likiogopa mwanga, toa lenzi na uende hospitali siku hiyo hiyo. Usisubiri Jumatatu, wala shangazi na maji yake ya chai. Baada ya wiki moja au mbili umeambiwa urudi kuangaliwa. Najua hukukusudia kurudi. Rudi.

Limebaki suala la umri, ambalo kwenye matangazo ya lenzi halitajwi. Ukishapita miaka 40 hivi, lenzi ya ndani ya jicho, ile uliyozaliwa nayo, huanza kukakamaa na kukunyima vitu vya karibu. Ukivaa lenzi za kuona mbali utaona vizuri mpaka ng'ambo ya bonde, lakini ujumbe wa bonasi utausogeza mbali mpaka mkono uishe. Dawa zipo: lenzi za nguvu mbili, au jicho moja lipimwe la mbali na jingine la karibu. Au miwani ya kusomea juu ya lenzi, na hapo utakuwa umezunguka nchi nzima kurudi kwenye miwani.

Na kama hilo linakuhusu wewe wa koito, linamhusu zaidi aliyechuma majani yaliyoleta hiyo bonasi. Mwaka 2018 jarida la Lancet Global Health lilitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwenye mashamba ya chai ya Assam, India. Walichukuliwa wachumaji 751 wenye miaka 40 na zaidi ambao kuona karibu kumewashinda. Kwa kura, baadhi wakapewa miwani hapo hapo, wengine wakasubiri mpaka jaribio liishe. Waliopewa waliongeza uzito wa majani kwa siku kwa karibu asilimia 22 kuwazidi waliosubiri. Na ni majani mawili na kichipukizi, yale yale ya kwetu Konoin na Bureti. Kwenye kituo cha kununulia, karani akimrudishia mama majani magumu, lawama huenda kwa vidole vyake, kwamba amechoka au ana haraka. Macho hayaulizwi. Mama huyo hajawahi kukaa kwenye kiti cha mpimaji, kwa kuwa familia ilishaamua zamani kwamba asiyesoma gazeti hahitaji miwani ya kusomea.

Basi siku ya kwenda kupimwa lenzi lipia viti viwili. Mchukue mama, apimwe kabla yako, na umwombe daktari amwangalie pia mtoto wa jicho na presha ya macho, maana glakoma mara nyingi haina maumivu ya kumtahadharisha. Akihitaji ya karibu tu, hatahitaji dawa ya kuhifadhia wala somo la kidole, na bei ya miwani yake ni ndogo mno mbele ya lenzi zako. Usimwache nyumbani kwa hoja ya nauli.